Chumvi Ilikwenda Wapi?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wahitimu na watu wazima kadhaa waliokuwa wanafikiria kubadili kazi. Nimeondoa salamu ndefu, na nimerudisha mambo mawili matatu niliyoyaruka jukwaani kwa kuogopa saa.

Ndugu mwenyekiti, walimu, wazazi, na ninyi wahitimu,

Kabla sijasimama hapa mmesomewa wasifu wangu. Namshukuru aliyeusoma, ameusoma kwa sauti nzuri hata mimi nimetamani kumfahamu huyo mtu. Karani wa hesabu, karani wa takwimu, mpima maji, afisa mazingira, mkaguzi, mkuu wa kitengo. Ukisikiliza hivyo unaona ngazi, na mtu anapanda kipandio kwa kipandio bila hata kutazama chini. Yaliyoachwa ni miezi 14 bila kazi kati ya kipandio cha kwanza na cha pili, mtihani wa kemia niliofeli mara mbili, na ile kazi moja iliyokuwa na neno "mazingira" kwenye kadi yangu na haikuwa nalo popote pengine. Aliyewahi kushika leja anajua: ukurasa uliofungwa vizuri hauonyeshi usiku uliokesha ukitafuta kosa.

Basi leo niwafungulie ukurasa wenyewe.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda cha kutia vitambaa rangi. Sikuipenda wala sikuichukia. Nilisoma uhasibu kwa sababu ndiyo nafasi iliyopatikana, na kiwandani nilikwenda kwa sababu ndiko walikoniita. Walinipa stoo. Kila kinachoingia kina vocha, kila kinachotoka kina vocha, na mwisho wa mwezi pande mbili za leja sharti zilingane. Zisipolingana hulali.

Kitambaa cha pamba kiliingia cheupe kikatoka chekundu au cha samawati. Hilo nililielewa. Rangi iliingia kwa madebe, na nyingi ilitoka ikiwa imeng'ang'ania uzi. Hilo nalo sawa. Lakini kulikuwa na mstari mmoja ulionisumbua, mstari wa chumvi. Magunia ya chumvi yalishushwa kila wiki, lori zima, na upande wa pili wa leja sikuyaona. Chumvi haikuuzwa. Haikurudishwa kwa muuzaji. Stoo ilikuwa tupu. Na kwenye kitambaa haikuwepo, maana kilifuliwa mara kadhaa kabla ya kukunjwa.

Nikamwendea fundi wa mapipa ya rangi, nikamuuliza. Akanitazama kama mtoto aliyeuliza jua linalala wapi. Akanieleza kwamba rangi zile za pamba hupenda kubaki ndani ya maji, na chumvi ndiyo inayozifukuza humo zikakae kwenye uzi. Ikishazifukuza, kazi yake imekwisha.

"Ikishakwisha inakwenda wapi, fundi?"

Hakujibu kwa maneno. Alinionyesha mlango wa nyuma kwa kidevu.

Nyuma kulikuwa na mfereji. Wafanyakazi walikuwa wanautumia kujua zamu ilikuwa inatia rangi gani: leo zambarau, kesho kijani. Mimi sikushangazwa sana na rangi, kwa sababu rangi kila mtu aliiona. Kilichonishika ni kingo. Pale maji yaliposhuka na jua likapiga, palibaki ukoko mweupe, mwembamba, kama ute uliokauka kwenye mdomo wa mgonjwa. Niliuchokoa kwa ukucha. Nikajua nimeuona upande wa pili wa leja yangu.

Nilimpelekea mkubwa wangu taarifa, ukurasa mmoja, umepigwa chapa vizuri. Aliusoma wote, si kwamba alinidharau. Akasema, "Iweke kwenye gharama za uendeshaji, ufunge hesabu." Na kwa kanuni za uhasibu alikuwa sahihi kabisa. Ndicho kilichonikera. Hakukuwa na kosa la kurekebisha. Chumvi ilinunuliwa, ikatumika, ikaandikwa. Ilipovuka ukuta wa kiwanda ilitoka kwenye vitabu, kana kwamba nje ya ukuta hakuna kitu.

Najua hapa mnangoja niseme nilirusha kalamu nikaondoka. Hapana. Nilibaki karibu miaka miwili, nikifunga hesabu kila mwezi, chumvi ikienda kwenye gharama za uendeshaji. Nilikuwa nahitaji mshahara. Isipokuwa swali lilikuwa limenikaa kooni, halimezeki wala halitemeki.

Vijana siku hizi mnaambiwa mfuate ndoto. Mimi ndoto ya mazingira sikuwahi kuwa nayo. Sikukua nikipenda ndege wala sikuwahi kukusanya majani kwenye daftari. Wenye ndoto hiyo nawaonea wivu mzuri tu. Lakini wengi wanaonijia kuomba ushauri hawana ndoto, wanaona aibu kwa kutokuwa nayo, na wanadhani mlango wao umeshafungwa. Hao ndio nataka kuzungumza nao. Mlango ninaoujua mimi ni ule unaofunguka katikati ya kazi nyingine kabisa, na mara nyingi unafunguka mahali panapoharibu kazi hiyo: hesabu isiyolingana, kipimo kinachokataa, takataka ambayo mkubwa wako anakutaka uiondoe ili uendelee.

Nitawaeleza habari za mtu mmoja, na nitakaa naye kidogo, maana kila nikimkumbuka napata nguvu.

Clair Patterson alikuwa mwanakemia wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu, alipewa kazi isiyogombanisha na mtu yeyote duniani: apime risasi iliyomo ndani ya chembe ndogo za mawe ya kale. Ninaposema risasi nina maana ya ile metali nzito. Urani iliyomo kwenye mawe huoza taratibu mno ikageuka kuwa risasi, kwa hiyo anayejua kupima risasi hiyo na aina zake anaweza kupiga hesabu ya umri wa jiwe, na mwishowe umri wa Dunia.

Vipimo vikakataa. Risasi ilikuwa nyingi kupita kiasi, na kila akirudia alipata jibu jingine. Akagundua kwamba risasi haikuwa ikitoka kwenye jiwe. Ilikuwa kwenye vumbi la maabara, kwenye vyombo, kwenye kemikali alizonunua, kwenye nguo na nywele zake mwenyewe. Kwa mtu aliyetumwa kutafuta umri wa Dunia, huo ni uchafu tu, usumbufu. Alitumia miaka kuuondoa. Alisugua, alichemsha vyombo kwenye tindikali, na hatimaye akajenga maabara ambayo hewa yake ilichujwa na kusukumwa nje ili vumbi lisiingie. Mwaka 1956 akachapisha jibu alilolipata kwa kupima vimondo, mawe ya kutoka angani yaliyoumbika wakati mmoja na Dunia: Dunia ina miaka bilioni 4.55. Jibu hilo halijabadilika sana mpaka leo.

Mtu mwingine angeishia hapo, achukue heshima yake akastarehe. Patterson alibaki na ule uchafu. Risasi yote ile ilitoka wapi? Akapima maji ya bahari, akakuta maji ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kina kirefu, maana yake ilikuwa imewasili karibuni, kutoka juu. Baadaye yeye na wenzake wakachimba theluji na barafu ya Greenland, tabaka kwa tabaka, mwaka kwa mwaka. Chanzo kikubwa kilikuwa petroli. Tangu miaka ya 1920 risasi ilichanganywa kwenye petroli ili injini zisigongegonge kwa ndani zikichoma mafuta, ikatoka kwenye mabomba ya magari ikavutwa na kila mwenye mapafu.

Alipoandika hayo mwaka 1965, waliokuwa wakimfadhili wenye uhusiano na biashara hiyo waligeuza migongo. Mwaka 1971 iliundwa kamati ya kitaifa ya wataalamu kuchunguza risasi hewani. Yeye, aliyeijua kuliko wengi, hakuwekwa. Aliendelea kupima. Marekani ilianza kupunguza risasi kwenye petroli miaka ya 1970, na ilipopiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani, tarehe 1 Januari 1996, Patterson alikuwa amefariki wiki chache tu nyuma, Desemba 1995. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuyauzia magari petroli hiyo ni Algeria, mwaka 2021.

Sasa niambieni, angejaza fomu ya kazi akiwa na umri wenu, angeandika nini kwenye "malengo ya baadaye"? Angeandika mawe.

Wangari Maathai mnamjua wote, ila mnamjua akiwa tayari amekumbatia mti. Wengi hawajui kwamba taaluma yake ilikuwa viungo vya miili ya wanyama. Alisoma biolojia, akaingia kwenye anatomia ya mifugo, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamivu, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuipata. Katika utafiti wake alikwenda mashambani kukusanya kupe, wale wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe. Alikuwa ameinama kwenye sikio la ng'ombe, kama kazi ilivyotaka. Na pale pale aliona mambo ambayo hayakuwa kwenye utafiti wake: mbavu za ng'ombe zinahesabika, nyasi hakuna, na mvua ikinyesha mito inageuka rangi ya udongo kwa sababu udongo wenyewe ndio unaokwenda. Akatambua kwamba kupe ni tatizo dogo mbele ya hilo. Wanawake wa vijijini nao walikuwa wakisema kuni ziko mbali na maji safi hakuna. Tarehe 5 Juni 1977 yeye na wenzake wakapanda miti 7 katika viwanja vya Kamukunji, Nairobi, na hapo ndipo Green Belt Movement ilipochipukia. Wataalamu wa misitu walipodai kwamba kupanda miti kunataka diploma, wanawake wa vijijini wakaotesha miche bila diploma. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Alianzia kwa kupe, jamani.

Nirudi kwangu, ambako hakuna Nobel.

Mkataba wangu kiwandani ulipokwisha haukuongezwa. Sitasema ni kwa sababu ya chumvi, kwa kuwa siwezi kuthibitisha, na mimi ni mhasibu. Ile miezi 14 iliyofuata nililala sebuleni kwa dada yangu. Nalisema hili mbele ya watu kwa makusudi. Hotuba nyingi za namna hii zinasifu njia yenye kona, na hazisemi nani alilipia zile kona. Zangu alizilipia dada. Angekuwa hana sebule, leo mngekuwa mnamsikiliza mtu mwingine. Na nikiwa kwenye hilo hilo: taasisi za mazingira zinazowataka vijana wajitolee mwaka mzima bila hata nauli, halafu zinalalamika kwamba wanaoomba kazi wote wanatoka familia za aina moja, zijitazame kwenye kioo.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya miezi 3. Kikosi cha kupima maji ya mito kilikuwa na maboksi ya fomu za karatasi, kikatafuta mtu wa kuingiza tarakimu kwenye kompyuta. Sikujua oksijeni iliyoyeyuka ni nini. Nilijua tarakimu. Wiki ya pili nikakuta kituo kimoja ambacho vipimo vyake vilikuwa vilevile kwa miezi mitatu mfululizo, mpaka nukta ya mwisho. Kwa mwanabiolojia pengine hiyo ni habari njema, mto umetulia. Kwa mhasibu, tarakimu zinazofanana hivyo ni mtu aliyekaa kivulini akanakili fomu ya mwezi uliopita. Nikamwambia msimamizi. Ikawa hivyo hasa. Mkataba wangu ukaongezwa, na nikaambiwa nianze kwenda mtoni nikaone fomu zinavyozaliwa.

Huko nikakabidhiwa kwa mzee mmoja. Alikuwa mvuvi zamani, chuo hakukiona, na mpaka leo sijafanya kazi na mpimaji bora kuliko yeye. Cha kwanza alichonifundisha ni kusimama. "Mwanangu, uso wako uwe kule maji yanakotoka. Tope utakalotibua kwa miguu liende nyuma yako, lisiingie chupani." Cha pili ni kuisuuza chupa mara tatu kwa maji ya mto wenyewe kabla ya kuijaza.

Cha pili nilikielewa vizuri mno. Safari yangu ya kwanza kubwa nilipewa kreti la chupa za kupimia metali. Chupa hizo huwekwa matone ya tindikali mapema, toka maabara, ili metali zisigande kwenye kuta za chupa njiani. Mimi, mwanafunzi mwema, nikazisuuza zote. Mara tatu kila moja. Chupa 24. Mzee alikuwa upande wa pili wa mto na kitabu chake, akarudi akanikuta namalizia ya mwisho kwa fahari. Akanusa moja. Akanusa nyingine. Akakaa juu ya jiwe.

"Mwanangu, leo umeosha dawa."

Siku mbili za safari zilikwenda na maji. Hakunigombeza. Njiani kurudi aliniambia kwamba yeye mwaka wake wa kwanza alizipanga chupa vizuri, akazijaza vizuri, akasahau kuandika zilitoka wapi.

Nilikwenda shule ya jioni kusoma kemia kwa sababu ya zile chupa 24. Nilifeli, nikafeli tena, nikafaulu. Wakati huo nilikuwa na umri ambao wanafunzi wenzangu waliniita shikamoo.

Yule mzee ndiye aliyenionyesha sahani ya Secchi. Kama hamjaiona, ni sahani ya duara, upana wake sentimita 20, imegawanywa robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe, inaning'inia kwenye kamba yenye alama za mita. Unakaa upande wa mtumbwi wenye kivuli, unaishusha polepole. Inakuwa ya kijani, inakuwa kama kumbukumbu ya sahani, inapotea. Unasoma kamba. Unaivuta taratibu mpaka uione tena, unasoma kamba. Katikati ya hizo mbili ndipo penye kipimo chako cha uangavu wa maji. Haina betri wala kioo cha kugusa. Ziwa likianza kujaa mwani au tope, sahani inakuambia.

Nikauliza, huyo Secchi alikuwa mtaalamu wa maziwa? Hakuwa. Angelo Secchi alikuwa padri Mjesuiti wa Italia na mwanaastronomia. Kazi ya maisha yake ilikuwa nyota. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzipanga nyota kwa makundi kutokana na mwanga wake. Mwaka 1865 kamanda wa meli za Papa alimwalika amsaidie kuchunguza uangavu wa bahari, naye akashusha sahani kwenye maji ya Mediterania, akiangalia mwanga unavyofifia. Ukitafakari si ajabu. Mtu aliyezoea kuuliza mwanga umepitia nini kabla ya kunifikia, akiuliza hivyo kwa nyota, ataweza kuuliza hivyo kwa maji. Zile robo nyeusi ziliongezwa na mtu mwingine mwishoni mwa karne hiyohiyo. Leo watu wanaoishusha sahani hiyo kila siku wengi hawajui kwamba wanatumia kifaa cha mtu wa nyota.

Basi, niligusia kazi yenye neno "mazingira" kwenye kadi. Niliipata baada ya kufaulu kemia. Ofisi nzuri, mshahara mara mbili ya ule wa mtoni, cheo kirefu. Dada akafurahi, na alistahili kufurahi. Nilichokuwa nafanya ni kuandika ripoti za mwaka zenye picha. Kila mwaka tulikwenda kupanda miti, viongozi wakapigwa picha na koleo, na mwaka wa pili nikatambua kwamba tunapanda kwenye mashimo yaleyale. Nilipouliza miche ya mwaka jana iko wapi, nikajisikia niko tena mbele ya mkubwa wangu wa kiwandani, na mstari wa chumvi mkononi.

Nilikaa pale miaka miwili. Sijutii fedha zake, zilinilipia madeni. Lakini ndipo nilipoelewa kwamba neno lililo kwenye cheo halinipi kitu. Nilikuwa na maana zaidi nikiwa karani wa stoo mwenye swali kuliko afisa mwenye koleo la kupigia picha. Kwa hiyo mkitafuta kazi, msisome cheo peke yake. Ulizeni: mwaka wa pili nani anarudi kutazama? Kuna kitabu cha vipimo? Mtu akikuta jambo lisilolingana analipeleka kwa nani? Kwenye usaili huwa wanawauliza kama mna swali, nanyi mnasema hamna. Ulizeni hayo. Mtajua kwa jinsi wanavyotazamana.

Baadaye nikawa mkaguzi, na hapo ndipo vipande vyangu vilivyotawanyika vikakutana. Wakaguzi wenzangu wakifika kiwandani huenda moja kwa moja kwenye bomba la majitaka. Mimi naomba leja ya stoo. Wenye kiwanda hushtuka, kwa sababu mtambo wa kusafisha majitaka wameuosha tangu jana, lakini vocha za miezi 12 hakuna aliyefikiria kuziosha. Iliingia nini, kiasi gani, kitambaa kimetoka na nini, kilichobaki kiko wapi. Wahandisi wana jina lake, mizania ya mada. Mimi nilikuwa nimeifundishwa kwa jina la debiti na krediti.

Siwezi kuwaambia kila aina ya ujuzi unaotakiwa huku, na sitajaribu. Nimefanya kazi na mshona nguo aliyetushonea nyavu za kunasia wadudu wa majini kwa bei ambayo duka la vifaa lingetucheka. Nimefanya kazi na muuguzi aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba wagonjwa wa tumbo wanatoka upande mmoja wa mto. Wanasheria, mafundi wa kuchomelea, watafsiri wa ripoti ambazo wenyeji hawakuweza kuzisoma. Wengi wao hawakuacha kazi zao.

Na hilo nalisema kwa wale mliokuja leo mkiwa na kazi na watoto na kodi ya nyumba, mkidhani nitawaambia muache. Guy Callendar wa Uingereza alikuwa mhandisi wa mvuke. Mwaka 1938, akiwa amekusanya vipimo vya joto vya vituo 147 vya hali ya hewa na kupiga hesabu kwa mkono nje ya saa zake za kazi, alionyesha kwamba nchi kavu ilikuwa imepata joto katika nusu karne iliyotangulia, na kwamba hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma makaa na mafuta ilihusika. Wataalamu wa hali ya hewa wa siku zile hawakushawishika sana. Akaendelea na mvuke mchana, na joto la Dunia jioni. Kwa hiyo usimpigie mwajiri wako barua ya kuacha kazi usiku wa leo kwa sababu yangu. Nenda kwanza ukatazame mlango wa nyuma wa hapo ulipo.

Kuna aliyeniandikia swali kwenye karatasi kabla sijapanda: ile chumvi ya kiwanda chako cha kwanza, je, ilipatiwa ufumbuzi? Nitamjibu kwa ukweli. Chumvi ikishayeyuka, mtambo wa kawaida wa kusafisha majitaka hauiondoi. Bakteria wanakula vingine, chumvi wanaiacha ipite. Kuitoa kunahitaji kuyasukuma maji kwenye utando wa kuchujia kwa nguvu nyingi, au kuyachemsha yakauke, na vyote vinakula nishati, halafu unabaki na rundo la chumvi chafu ambalo nalo linataka pa kwenda. Dawa ya maana ni kutumia chumvi kidogo tangu mwanzo, na rangi zinazokubali hivyo zipo, viwanda vingine vimeshahamia huko. Kile cha kwangu kilihamia nusu. Mfereji bado upo. Kingo bado ni nyeupe, ingawa ukoko ni mwembamba kuliko zamani. Kila ninapopita huwa nauchokoa kwa ukucha. Leja haijalingana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Jumanne ijayo kikosi changu kinakwenda bwawani. Tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi, chupa tutajaza kwanza, sahani tutaishusha jua likiwa juu. Kwenye mtumbwi zimebaki nafasi mbili. Anayetaka aniandikie jina lake hapo nje, na sitauliza amesomea nini. Aje na viatu asivyovipenda, na asiguse chupa zenye kifuniko chekundu mpaka nimwambie.